Mawe, Nyimbo na Hadithi: Watoto Wetu Wanajifunza Nini Katika Miaka ya Kwanza ya Shule?

Mzazi anamuuliza mtoto wake anayerudi kutoka mwaka wa kwanza wa shule ya msingi: "Leo mmefanya nini?" Mtoto anajibu: "Tumeimba. Tumehesabu mawe. Mwalimu ametupa hadithi." Mzazi anaona kwamba siku imepotea bure. Kwa familia iliyohama kwa sababu ya vita na inayotafuta chakula cha kila siku, ni rahisi kufikiri kwamba afadhali mtoto abaki nyumbani kulinda wadogo zake, aende kusaidia ziwani, au achukue makala kwenda kuuza barabarani.

Habari hii inaeleza kinachofanyika kweli katika darasa la mwaka wa kwanza na wa pili. Tunataka familia zilizohama, wenyeji waliozipokea, machifu na komite za wazazi waone jambo moja: katika kazi hizo ndogo za kila siku watoto wanajifunza kusoma na kuhesabu, na wakati huohuo wanajifunza kama wataishi pamoja kama ndugu au kama maadui. Masomo hayo mawili yanaendelea kwa pamoja, hata kama mwalimu hajapanga hivyo.

Kwa nini jambo hili linatuhusu sisi

Mwadingusha, upande wa mashariki ya Likasi, inajulikana kwa bwawa lake kwenye mto Lufira. Kituo cha umeme kilijengwa wakati wa ukoloni na kuanza kazi mwaka wa 1930, na maji yaliyozuiliwa yakafanya ziwa Tshangalele. Kazi ya umeme, migodi ya Likasi na samaki wa ziwa vilivuta watu kutoka pande nyingi. Kwa hiyo watoto wa makabila na lugha mbalimbali kukaa kwenye benchi moja si jambo geni katika Katanga.

Lakini tumeona pia mabaya. Mwaka wa 1992 na 1993, watu wa asili ya Kasai walifukuzwa Likasi, Kolwezi na mahali pengine, ingawa wengi wao walizaliwa hapo. Maelfu walilala kwenye stesheni ya treni ya Likasi wakingoja kuondoka. Kabla ya kufukuzwa walipewa jina la dharau: waliitwa "bilulu", yaani wadudu. Baadaye vita vya Mai-Mai viliharibu Mitwaba, Manono na Pweto, eneo ambalo watu waliliita pembetatu ya kifo. Mwaka wa 2005 na 2006 makumi ya maelfu ya watu walikimbia vijiji vyao. Mkubwa wa Mai-Mai hao, Gédéon Kyungu, alijitoa Mitwaba mwezi wa Mei 2006 na akahukumiwa mwaka wa 2009. Aliponyoka gereza la Kasapa, Lubumbashi, mwezi wa Septemba 2011, vita vilirudi na watu wakahama tena.

Watoto wa wakati ule leo ni watu wazima. Wengine sasa wana watoto wao shuleni. Wale waliokosa mwaka wa kwanza na wa pili kwa sababu ya kukimbia wanajua hasara yake kila mara wanapopewa karatasi ya kutia sahihi bila kujua kilichoandikwa ndani.

Asubuhi: mstari, salamu na majina

Siku ya shule inaanza kwa watoto kupanga mstari. Wanasalimia bendera, wanaingia darasani, wanamsalimia mwalimu, na mwalimu anaita majina. Mzazi anaweza kudhani kwamba hiyo ni kazi ya mwalimu tu, ya kujua nani hayuko. Lakini kwa mtoto aliyekimbia usiku, akalala njiani na kubadilisha mahali mara mbili au tatu, kufanya jambo moja saa moja kila siku ni dawa. Anajua kitakachofuata. Moyo unatulia, na mtoto ambaye moyo wake umetulia anaweza kujifunza.

Kuita majina ni somo pia. Mtoto anasikia jina lake likiitwa pamoja na majina ya wenyeji, na anajibu kama wengine. Hapo ndipo hatari inaweza kuingia. Kama mwalimu au watoto wanasema "yule mkimbizi" mahali pa jina lake, darasa zima linajifunza kwamba huyu si mmoja wetu. Historia ya neno "bilulu" inatukumbusha kwamba kumfukuza mtu kunaanza kwa kumnyima jina lake. Mwalimu anayesema kila asubuhi jina la kila mtoto bila kulikosea anafanya kazi kubwa.

Mawe na vifuniko vya chupa: kuhesabu

Mtoto wa miaka sita haelewi namba kwa kuiangalia kwenye ubao. Alama ya 5 kwake ni mchoro tu. Anapaswa kwanza kushika mawe matano, kuyapanga, kuyatenganisha kuwa mawili na matatu, kisha kuyarudisha pamoja. Baada ya kufanya hivyo mara nyingi, anaona kwamba 2 na 3 ni 5 hata wakati mawe hayapo. Ndiyo maana mwalimu anaomba watoto walete mawe madogo, vijiti, punje za mahindi au vifuniko vya chupa.

Halafu wanafika kwenye kumi. Mwalimu anawafundisha kufunga vijiti kumi kwa kamba kuwa fungu moja. Mafungu mawili na vijiti vinne ni 24. Mtoto akielewa fungu la kumi kwa mikono yake, ataelewa baadaye kujumlisha namba kubwa, kuhesabu pesa sokoni na kusoma mizani ya mnunuzi wa samaki. Mtoto aliyeruka hatua hii anakariri tu, na mwaka wa tatu anapotea.

Kuna pia kugawa. Mwalimu anawapa watoto wanne punje kumi na mbili na kusema: "Mgawane sawasawa." Wanajaribu, wanagombana kidogo, wanahesabu tena, na kila mmoja anapata tatu. Hilo ni somo la hesabu. Lakini kama kati ya hao wanne yumo mtoto wa familia iliyohama na mtoto wa mwenyeji, wameshika kwa mikono yao jambo ambalo sisi wazazi tunaligombania kwenye kisima, shambani na wakati wa kugawa msaada: kwamba mgawo wa haki unaweza kuhesabiwa mbele ya wote.

Ma, me, mi, mo, mu: kusoma

Wazazi wengine wanakasirika wakisikia mtoto anasomeshwa kwa Kiswahili. Wanasema: "Nimemtuma ajue Kifaransa." Hamu hiyo ni nzuri, lakini ni lazima tuelewe njia. Mpango wa masomo wa nchi yetu unataka miaka ya kwanza ifundishwe kwa lugha ya mahali. Kiswahili ni moja ya lugha nne za taifa katika Katiba, pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba.

Sababu yake ni rahisi. Kusoma ni kuunganisha alama na sauti, na sauti na maana. Kwa Kiswahili, herufi "o" inasomwa "o" siku zote. Mtoto akijua ma, ka, sa na ki, anaweza kusoma "mama", "kaka" na "samaki", na mara moja anajua maana. Kwa Kifaransa, neno la maji linaandikwa kwa herufi tatu, "eau", lakini linasomwa "o" tu. Mtoto asiyejua bado Kifaransa ana mizigo mitatu mara moja: alama ngeni, sauti ngeni na maana asiyoijua. Aliyekwisha kujua kusoma kwa lugha anayoisikia ameshatua mzigo mkubwa, na Kifaransa kinamfuata vizuri zaidi.

Hapa pia mtoto aliyehama anahitaji uvumilivu. Mtoto kutoka Mitwaba au Manono pengine anasema Kiluba nyumbani, na Kiswahili chake ni kidogo. Mwalimu mwenye hekima anatumia maneno yaliyo karibu: "muntu" kwa Kiluba, "umuntu" kwa Kibemba, "mtu" kwa Kiswahili cha kitabu. Darasa zima linaona kwamba lugha zetu ni za ukoo mmoja. Na hata mwenyeji wa Likasi hasemi kama kitabu. Nyumbani anasema "mayi" na "batoto", kitabu kinaandika "maji" na "watoto". Kwa hiyo kila mtoto anajifunza kitu kipya, na hakuna aliye na haki ya kumcheka mwingine.

Kuchekana ndiko kunakofunga midomo. Mtoto aliyechekwa mara mbili akisoma kwa sauti hatanyosha mkono mara ya tatu. Mwalimu na wazazi wakatae jambo hilo tangu siku ya kwanza.

Hadithi na michoro

Mwalimu anapotoa hadithi ya sungura na fisi, halafu anauliza, "Nani alidanganya? Kwa nini? Wewe ungefanya nini?", anafundisha kusikiliza, kukumbuka mambo kwa mpangilio na kusema mbele ya watu. Hizi ni kazi ambazo mtoto atahitaji ili kuelewa chochote atakachosoma. Anafundisha pia kungoja zamu ya kusema. Watoto waliozoea kusikia wakubwa wakimaliza matata kwa fimbo wanaona kwamba mambo yanaweza kumalizwa kwa maneno.

Baada ya hadithi, mara nyingi watoto wanachora. Mtoto aliyeona vita anaweza kuchora nyumba inayowaka au watu wenye silaha. Wengine hawachori kitu, wanakaa kimya, wanashtuka wakisikia mlango ukigonga, au wanapiga wenzao bila sababu. Tusiseme haraka kwamba mtoto huyo ni mjinga au ana pepo. Mwalimu asimlazimishe kueleza aliyoyaona mbele ya wengine, na asimtoe darasani. Ampe nafasi karibu naye, amwache afanye kazi ndogo anayoiweza, na azungumze na mzazi polepole. Kama baada ya majuma mengi mtoto hali, halali, au hasemi kabisa, mzazi ampeleke kwenye kituo cha afya na kueleza yaliyotokea.

Kazi ndogo za darasa

Kufuta ubao, kugawa daftari, kufagia, kuleta maji: kazi hizi nazo ni mafunzo. Mtoto anajifunza kwamba mahali pa wote panatunzwa na wote. Shule nzuri inafanya zamu iliyoandikwa, ili kila mtoto ajue siku yake.

Tuangalie vizuri nani anafanya kazi gani. Kama siku zote wasichana ndio wanaobeba maji, na watoto wa familia zilizohama ndio wanaofagia choo, basi shule inafundisha ubwana na utumwa, hata kama kwenye ukuta kumeandikwa neno "amani". Chifu au mjumbe wa komite akipita shuleni, aulize kuonyeshwa orodha ya zamu. Hilo ni jambo dogo, na linafunua mengi.

Michezo ni vilevile. Watoto wakiachwa kujichagulia timu, mara nyingi timu ya wageni itacheza na timu ya wenyeji, na kila goli litakuwa vita. Mwalimu awagawe kwa namba, moja na mbili, ili wachanganyike.

Malalamiko ya wenyeji si uongo

Ni lazima tuseme ukweli huu pia. Familia za mahali zinaposema, "Watoto wetu hawana tena nafasi darasani", mara nyingi zinasema kweli. Tangu shule za msingi za serikali zilipofanywa kuwa za bure mwezi wa Septemba 2019, watoto wengi waliokuwa nyumbani kwa kukosa pesa wameingia shuleni, na madarasa yamejaa. Wageni wakiongezeka, mwalimu mmoja anaweza kujikuta na watoto asioweza hata kuwafikia kwenye benchi zao. Kukanusha jambo hilo kunaongeza hasira.

Njia ni kuhesabu pamoja, kama watoto wanavyohesabu punje. Direkta, komite ya wazazi, chifu na wawakilishi wa familia zilizohama waingie darasani, wahesabu watoto, mabenchi na vitabu, kisha waulize: tunaweza kufanya zamu mbili, asubuhi na mchana? Nani ana miti ya kutengeneza mabenchi? Ni nani kati ya waliohama aliyekuwa mwalimu kwao na anaweza kusaidia? Wageni wakitoa mikono yao kujenga, wenyeji wataona kwamba hawakuja kuchukua tu. Na mabenchi mapya yatumiwe na wote. Benchi la "watoto wa wakimbizi" peke yao litaleta maneno.

Haki ambazo kila kiongozi anapaswa kuzijua

Katiba ya mwaka wa 2006, kifungu cha 43, inasema kwamba masomo ya msingi ni ya lazima na ni ya bure katika shule za serikali. Haisemi kwamba ni kwa wenyeji tu. Kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka wa 1998 kuhusu watu waliohama ndani ya nchi yao, katika kanuni ya 23, zinasema kwamba watoto waliohama wanapaswa kupata masomo ya msingi bila malipo. Kanuni ya 20 inaomba serikali iwarudishie watu waliohama karatasi walizopoteza. Kwa hiyo, mtoto ambaye karatasi yake ya kuzaliwa imeungua na nyumba asirudishwe mlangoni. Aandikwe, aanze kusoma, na karatasi itafutwe baadaye kwa msaada wa chifu na ofisi ya serikali.

Mtoto wa miaka kumi ambaye hajasoma bado anaona haya kukaa na wa miaka sita. Kwa watoto hao nchi yetu ina vituo vya kurekebisha masomo, vinavyoitwa CRS, ambavyo vinafundisha mpango wa miaka 6 ya shule ya msingi kwa miaka 3. Kiongozi aulize kwa wakubwa wa masomo wapi kituo cha karibu kinapatikana. Kama hakipo, mtoto aingie shule ya kawaida hivyohivyo.

Mzazi afanye nini, hata kama hajui kusoma?

Kwanza, amtume mtoto kila siku. Katika mwaka wa kwanza somo la leo limejengwa juu ya la jana. Anayekosa siku mbili kila juma kwa sababu ya soko, samaki au kuosha madini atakuta wenzake wamefika kwenye "mu" wakati yeye yuko bado kwenye "ma". Kazi za nyumbani zipangwe kabla au baada ya masomo.

Pili, acheze naye hesabu. Wakati wa kupika bukari, aulize: "Tuko watu saba, sahani ziko tano, zinakosa ngapi?" Hahitaji daftari wala biki.

Tatu, amwombe mtoto asimulie hadithi ya darasani, na yeye amsimulie mtoto hadithi za kwao. Mtoto akipeleka shuleni hadithi ya Kiluba au ya Kisanga, darasa limetajirika.

Nne, aulize swali hili: "Leo umekaa na nani?" Jibu litamwonyesha kama mtoto wake ana rafiki, au kama yuko peke yake nyuma ya darasa. Akiona taabu, aende kuzungumza na mwalimu kwa heshima kabla maneno hayajafika kijijini.

Tano, achunge mdomo wake. Mtoto anapeleka darasani maneno tunayoyasema jioni kwenye moto. Tukiwatukana wageni au wenyeji usiku, asubuhi mwalimu atayasikia kwa kinywa cha mtoto wetu.

Maswali ya kuzungumza pamoja

Mnaweza kusoma habari hii kwa sauti katika mkutano wa komite ya wazazi au wa kijiji, kisha mzungumze:

1. Katika shule yetu, ni watoto wangapi wa familia zilizohama hawajaandikwa? Sababu ni nini?

2. Je, komite ya wazazi ina mjumbe kutoka kwa familia hizo, baba au mama?

3. Watoto wanakaa vipi darasani? Wamechanganyika, au kila kundi liko upande wake?

4. Ni majina gani ya dharau tunayoyasikia hapa kwetu, na nani atayakataza?

5. Ni kazi gani moja tunayoweza kuifanya pamoja kwa ajili ya shule kabla mvua hazijaanza?

Andikeni majibu, mkubaliane nani atafanya nini na siku gani. Mkutano unaofuata uanze kwa kuuliza yaliyofanyika.